Susanna Wesley na Jioni za Watoto Wake

Soma kwa ajili ya somo hili: Kumb. 6:4-9, Mit. 22:6, Luka 15:11-24, Efe. 6:4, 2 Tim. 1:5, 3:14, 15.

Jina la John Wesley si geni katika madarasa yetu. Ellen G. White ameieleza kazi yake katika kitabu cha Pambano Kuu. Yeye mwenyewe alilelewa na wazazi Wamethodisti huko Portland, Maine, kabla familia yao ya Harmon haijatengwa na kanisa hilo mwaka 1843 kwa sababu ya kuamini kwamba kurudi kwa Yesu kumekaribia. Kwa hiyo nyumba tunayoitembelea juma hili si ya wageni kabisa. Nabii mtoto Ellen alifundishwa kuomba na watu ambao uamsho wao ulikuwa umeanzia, kwa sehemu, katika nyumba ya kasisi mmoja maskini wa Uingereza, chini ya malezi ya mama ambaye hakuwahi kupanda mimbarani.

Susanna Annesley alizaliwa London tarehe 20 Januari 1669, akiwa kitinda mimba katika familia ya watoto 25. Baba yake, Dkt. Samuel Annesley, alikuwa mhubiri aliyepoteza parokia yake mwaka 1662 kwa kuwa dhamiri yake haikumruhusu kukubali utaratibu wa ibada ulioamriwa na serikali. Nyumba ile ilikuwa ya vitabu, maombi na mijadala. Binti huyu alikaa, akasikiliza, akapima hoja za pande zote mbili, na alipokuwa na umri wa miaka 13 hivi akaamua kurudi katika lile lile Kanisa la Uingereza lililomtoa baba yake.

Tungetegemea ghadhabu. Hakuna kumbukumbu ya baba kumfukuza wala kumnyima upendo. Waliendelea kupendana, na Dkt. Annesley alipofariki, hati na maandishi yake alimwachia binti huyu huyu. Tulikumbuke jambo hili, maana litatusaidia mbele tutakapofika kwenye mafundisho ya Susanna juu ya nia ya mtoto.

Mwaka 1688 aliolewa na Samuel Wesley, kasisi, msomi na mtunzi wa mashairi, mwenye bidii, mwenye msimamo mkali, na asiyejua kabisa kupanga fedha. Baadaye walihamia Epworth, katika wilaya ya Lincolnshire, nchi ya tambarare yenye mabwawa, kati ya wanaparokia ambao wengi wao hawakumpenda kasisi wao. Susanna alizaa watoto 19. Kumi tu ndio waliofikia utu uzima. Msomaji asipite haraka juu ya hesabu hiyo: mama huyu tunayemsifu kwa utaratibu wake alizika watoto tisa. Mmoja wao alikufa mwaka 1705 akiwa na siku chache tu, baada ya yaya aliyeelemewa na usingizi kumlalia usiku.

Wala nyumba yenyewe haikuwa na amani wakati wote. Karibu na mwaka 1701 Samuel aligundua kwamba mkewe haitikii Amina anapomwombea Mfalme William wa Tatu, kwa kuwa Susanna hakuamini kwamba William ni mfalme halali. Samuel alikasirika kiasi cha kuondoka nyumbani na kwenda London, akimwacha mkewe na watoto kwa miezi kadhaa. Waliporudiana walipata mtoto, na huyo ndiye John, aliyezaliwa tarehe 17 Juni 1703. Mwaka 1705 wadeni wa Samuel walimtia gerezani katika ngome ya Lincoln kwa deni lisilofika pauni 30. Adui zake kijijini waliwachoma visu ng'ombe waliokuwa wakiwapa watoto maziwa. Susanna alimpelekea mumewe pete zake aziuze, naye akazirudisha. Askofu Mkuu wa York alipomwuliza kama waliwahi kukosa mkate kabisa, alijibu kwa unyofu kwamba mkate wenyewe hawakuwahi kuukosa, lakini mahangaiko ya kuupata na kuulipia yaliufanya uwe mchungu kinywani.

Ni katika nyumba ya namna hiyo alipoendesha shule. Wazazi wengi hutuambia darasani kwamba wataanza ibada ya familia mambo yatakapotulia. Pale Epworth hayakutulia.

Tunazijua taratibu zake kwa sababu John, alipokuwa tayari mwalimu Oxford, alimwomba aziandike, na mwaka 1732 akamwandikia. Alikuwa na miaka 63, naye alisita. Alijua kwamba si wengi watakaokubali kutoa zaidi ya miaka 20 iliyo bora ya maisha yao wakitumaini kuokoa roho za watoto wao.

Hakuna mtoto aliyefundishwa kusoma kabla ya kufikisha miaka mitano. Siku moja baada ya kutimiza umri huo, nyumba ilipangwa, kila mmoja akapewa kazi yake, na mtoto akaketi na mama kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita, kisha saa nane hadi saa kumi na moja jioni. Siku hiyo moja ilitosha kujifunza herufi zote, isipokuwa Molly na Nancy waliochukua siku moja na nusu, na mama yao akawadhania wazito wa akili, hadi alipoona baadaye watoto wa watu wengine wanavyochukua muda mrefu zaidi. Kitabu cha kwanza cha kusomea kilikuwa Biblia, kuanzia Mwanzo sura ya kwanza, neno kwa neno, kisha mstari kwa mstari. Mara moja tu aliivunja kanuni ya umri, kwa Kezzy, kitinda mimba wake, kwa sababu watu wengine nyumbani walimshinda kwa hoja. Kezzy alichukua miaka pale wenzake walipochukua miezi. Wazazi wa leo wanaoshindana kumpeleka mtoto wa miaka miwili shule wangefaa kutafakari habari za Kezzy.

Kanuni nyingine alitaka ishikwe sana: msichana asifundishwe kushona wala kazi za mikono mpaka awe anasoma vizuri. Katika karne ile, ambapo binti alihesabiwa ameelimika akijua sindano, mama huyu aliona kwamba kumfunga mtoto wa kike kwenye kazi kabla hajajua kusoma ni kumnyima Neno la Mungu kwa maisha yake yote.

Saa kumi na mbili jioni ilikuwa ibada ya familia, kisha chakula, saa moja kuogeshwa, na saa mbili wote kitandani, bila mtu wa kukaa nao mpaka walale. Mtoto alikula kilichowekwa mezani na hakula kati ya milo. Sala ya Bwana alifundishwa mara tu alipoweza kusema. Na kabla hajaweza kusema, alifundishwa kuomba baraka ya chakula kwa ishara. Mtoto aliyekiri kosa na kuahidi kujirekebisha hakupigwa, maana Susanna aliona kwamba hofu ya fimbo ndiyo inayowafundisha watoto kusema uongo. Kosa moja halikuadhibiwa mara mbili, wala halikukumbushwa baadaye. Mtoto aliyejaribu kumpendeza mama yake, hata kama kazi iliharibika, alipokelewa kwa upole na kuonyeshwa namna ya kufanya vizuri zaidi. Mali ya mtoto iliheshimiwa, hata ikiwa ni pini, na ahadi ilitimizwa.

Hata hivyo, katika barua hiyo hiyo yamo mambo ambayo hatuna budi kuyapima. Susanna aliamini kwamba kazi ya kwanza ya mzazi ni kuishinda nia ya mtoto, tena mapema. Watoto wake, kabla ya kufikisha mwaka mmoja au muda mfupi baadaye, walifundishwa kuogopa fimbo na kulia kwa sauti ya chini, na yeye mwenyewe aliona hilo ni fahari ya nyumba yake. Wapo wazazi ambao katika historia nzima ya mama huyu watachukua fimbo tu na kwenda nayo nyumbani. Ellen G. White, aliyeandika zaidi ya miaka 150 baadaye katika kitabu cha Elimu, anatupeleka mahali pengine. Kwake, lengo la nidhamu ni mtoto ajitawale mwenyewe, na nia ya mtoto ni nguvu ya kuongozwa, si ya kupondwa, kwa kuwa ataihitaji katika mapambano ya maisha. Paulo naye aliposema na akina baba kuhusu malezi alianza kwa kuwaonya wasiwachokoze watoto (soma Efe. 6:4). Na hapa ndipo tunapomkumbuka Dkt. Annesley. Kama nia ya Susanna ingalipondwa akiwa mdogo, yule msichana wa miaka 13 asingepatikana, wala yule mama aliyeweza kusimama peke yake miaka mingi baadaye. Nionavyo, alipewa na baba yake kitu ambacho katika kanuni zake hakukiandika vya kutosha.

Usiku wa tarehe 9 Februari 1709 nyumba yao, iliyokuwa ya mbao na kuezekwa kwa nyasi, iliteketea. Susanna, akiwa mjamzito na karibu kujifungua, alipita katikati ya moto. Walipohesabu watoto walimkosa John, mwenye miaka mitano. Mtoto alipanda juu ya sanduku karibu na dirisha, akaonekana, na mtu mmoja akasimama juu ya mabega ya mwenzake akamtoa. Paa likaanguka muda mfupi baada ya hapo. Vitabu viliteketea, pamoja na hati zile za Dkt. Annesley.

Hasara iliyomwumiza zaidi mama ilikuja polepole. Kwa kuwa hapakuwa na nyumba, watoto walitawanywa kwa ndugu na majirani kwa muda mrefu. Waliporudi, alikuta wamejifunza nyimbo za ovyo na maneno machafu, wamezoea kuzurura na watumishi, na wameacha kuitunza siku ya ibada. (Familia hii ilitunza Jumapili kwa nuru waliyokuwa nayo, na waliitunza kwa uangalifu unaoweza kutufedhehesha sisi tunaoijua Sabato ya Bwana.) Kazi ya miaka mingi ilikuwa imeharibika kwa muda mfupi. Kila mzazi ambaye mtoto wake amerudi kutoka bwenini akiwa mtu mwingine anajua hali hiyo.

Alianza upya. Aliingiza kuimba zaburi asubuhi na jioni, na akapanga watoto wawili wawili, mkubwa na mdogo, wasomeane Zaburi za siku na sura ya Biblia. Kwa binti yake Sukey, aliyekuwa bado kwa ndugu, aliandika barua ndefu ya kueleza misingi ya imani, kama kitabu kidogo, ili umbali usimnyime mafundisho.

Kisha likaja jambo ambalo kwangu ni la thamani kuliko kanuni zote zilizotangulia. Binti yake Emilia alikuta katika maktaba ya baba habari za wamisionari waliotumwa na mfalme wa Denmark kwenda Tranquebar, India. Susanna alizisoma na hakuweza kufikiri jambo lingine kwa siku nyingi. Yeye hakuwa mwanamume wala kasisi, na India hakuweza kwenda. Akajiuliza afanye nini, akaanza na waliokuwa chini ya paa lake. Aliamua kwamba kila jioni atakuwa na mazungumzo na mtoto mmoja, peke yake, juu ya hali ya moyo wake. Jumatatu ilikuwa ya Molly, Jumanne ya Hetty, Jumatano ya Nancy, Alhamisi ya John, Ijumaa ya Patty, Jumamosi ya Charles, na Jumapili ya Emilia na Sukey pamoja.

Hayo hayakuwa masomo, maana masomo yaliisha saa kumi na moja. Mtoto aliweza kusema anachoogopa na anachoshindwa kuamini, na mama akasikiliza. Tofauti yake na ibada ya familia ni hii: katika ibada watoto wanane husikia neno moja, na yule mwenye swali linalomsumbua hukaa kimya mbele ya ndugu zake. Miaka mingi baadaye, John akiwa mtu mzima na mwalimu wa chuo, alimwandikia mama yake akitamani ampe tena sehemu ndogo ya Alhamisi jioni, kama zamani. Herufi alizojifunza siku moja angeweza kujifunza popote. Alichokikumbuka ni Alhamisi.

Majira hayo hayo ya baridi, kati ya 1711 na 1712, Samuel alikuwa London kwa vikao vya makasisi. Jumapili jioni Susanna aliwasomea watoto na watumishi hotuba na kuomba nao. Mtumishi mmoja aliwaambia wazazi wake, nao wakaomba kuja, majirani wakafuata, hatimaye walifika watu wapatao 200. Kasisi msaidizi alichukia na kumwandikia Samuel, naye Samuel akamwandikia mkewe aache. Susanna alijibu kwa heshima, akaeleza matunda yaliyoonekana, kisha akamwambia mumewe kwamba kama anataka mikutano ikome, asimshauri tu bali amwamuru wazi, ili lawama ya nafasi hiyo iliyopotea isiwe juu yake mbele ya kiti cha hukumu. Samuel hakuamuru.

Ningeweza kuishia hapo, na katika vitabu vingi ndipo hadithi inapokomea: mama mwaminifu, watoto watakatifu, Wamethodisti duniani kote. Lakini kulikuwa na Hetty.

Mehetabel, yaani Hetty, mtoto wa Jumanne, alikuwa pengine mwenye kipaji kuliko dada zake wote. Inasimuliwa kwamba akiwa na miaka minane hivi aliweza kusoma Agano Jipya la Kigiriki, na alipokua alitunga mashairi mazuri. Mwaka 1725 alitoroka na mwanamume aliyemwahidi ndoa, akakuta ahadi ni hewa, akarudi nyumbani amevunjika moyo. Baba yake hakumkimbilia barabarani. Mwaka huo huo aliozwa kwa William Wright, fundi bomba, ambaye hawakufanana naye kwa lolote. Dada yake Molly, aliyekuwa na kilema na mpole, ndiye pekee nyumbani aliyethubutu kuipinga ndoa ile. Watoto wa Hetty walikufa wakiwa wachanga. Aliandika barua za kuomba msamaha, na baba alizipokea kwa moyo mgumu. Susanna naye alikuwa na uchungu, wala hakuwa mwepesi wa kuamini toba ya bintiye.

Mwaka 1726 John, kijana wa miaka 23, alihubiri katika parokia ya baba yake juu ya upendo tunaowiwa hata waliotenda dhambi. Mama yake alitambua mara moja kwamba hotuba ile imeandikwa kwa ajili ya Hetty. Baba alipoelewa aliumia sana, na John akalia na kumwomba radhi kwa kumhuzunisha, ingawa hakuacha kumtetea dada yake. Yule mtoto wa Alhamisi aliwaeleza wazazi wake neno ambalo wao wenyewe walikuwa wamempandia.

Ndoa za mabinti wengine nazo zilileta machozi. Mume wa Sukey alikuwa mkali. Patty aliolewa na Westley Hall, mhubiri, ambaye baadaye alimwacha na kuishi maisha ya aibu. Mithali 22:6 inasimama kweli, lakini haisemi kwamba mzazi akifuata kanuni kwa usahihi hatalia kamwe. Katika makanisa yetu wapo wazazi wanaokaa viti vya nyuma kwa sababu mtoto wao ameharibikiwa, nasi tumewahi kuwatazama kana kwamba hawakuomba. Wangeweza kuketi na Susanna Wesley.

Samuel alifariki Aprili 1735. Susanna hakuwa na nyumba wala akiba, akaishi kwa zamu katika nyumba za watoto wake, na mwishoni kwa John, katika jengo la Foundery huko London. Hapo aliendelea kuwa mama. John aliporudi haraka mjini akiwa na hasira kwamba Thomas Maxfield, mtu asiye kasisi, ameanza kuhubiri, mama yake alimtahadharisha ajihadhari asije akampinga mtu aliyeitwa na Mungu, akamshauri amsikilize kwanza. John alisikiliza, na tangu hapo wahubiri walei wakawa mikono na miguu ya uamsho ule.

Tena mwaka 1739, akiwa na miaka 70, alipokuwa akipokea kikombe cha Meza ya Bwana, Susanna alipata hakika moyoni kwamba Mungu, kwa ajili ya Kristo, amemsamehe yeye binafsi dhambi zake zote. Maisha yake yote alikuwa amefundisha wengine, na hakika hiyo hakuwahi kuwa nayo kwa namna ile. Aliyemkabidhi kikombe alikuwa mkwe wake Hall, yule ambaye angemwacha Patty. Neema ilimfikia kupitia mkono huo.

Alifariki Julai 1742. Aliwaomba watoto wake waimbe zaburi ya sifa mara atakapokata roho. John alikuwapo, pamoja na mabinti watano waliokuwa bado hai, na Hetty akiwa mmoja wao. Waliimba. Alizikwa Bunhill Fields, makaburi ya wale Wakristo waliokataa kufuata kanisa la serikali, watu wa baba yake. Hetty alijiunga na Wamethodisti, akafariki katika imani mwaka 1750.

Maswali ya kujadili darasani

1. Soma Kumb. 6:6, 7. Nyakati nne zinatajwa hapo. Katika nyumba yako, ni upi kati ya nyakati hizo ambao bado uko mikononi mwako, na ni upi umechukuliwa na simu, televisheni au kazi? Je, mtoto wako anayo siku yake?

2. Linganisha baba wa Luka 15 na kasisi wa Epworth. Kwa nini mtu anayehubiri neema anaweza kuona vigumu kumpa binti yake? Darasa lenu linaweza kufanya nini juma hili kwa mzazi ambaye mtoto wake yuko mbali, na kwa mtoto mwenyewe?

3. Kuna tofauti gani kati ya kuishinda nia ya mtoto na kuiongoza? Toeni mifano kutoka nyumbani, si ya nadharia tu.